Waliosema "Ni Kweli"

Kukiri kosa mahakamani hakuchukui muda. Karani anasoma hati ya mashtaka kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, na mshtakiwa anajibu. Akisema "ni kweli", hakimu anaandika, kisha mwendesha mashtaka anasimama na kusimulia maelezo: siku gani, mahali gani, nani alikutwa na nini. Mshtakiwa anaulizwa tena kama maelezo hayo ni sawa. Akisema "ni kweli" mara ya pili, amepatikana na hatia, na kilichobaki ni kuomba apunguziwe adhabu.

Mimi nilikuwa karani huyo. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi niliimaliza katika mahakama ya wilaya, nikiwasomea mashtaka watu wa chang'aa, wezi wa kuku na majirani waliokatana mapanga kwa ajili ya mpaka wa shamba. Utaratibu huo hakuutunga mtu papo hapo. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliuweka bayana mwaka 1973 katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, na kila hakimu niliyemtumikia aliujua kwa moyo. Soma shtaka, lieleze, andika jibu kwa maneno ya mshtakiwa mwenyewe kadiri inavyowezekana, soma maelezo, mpe nafasi ya kuyapinga. Akigeuza kauli, hata dakika ya mwisho, andika kwamba amekana. Nimeona hakimu akimkatalia mwizi wa baiskeli kukiri, kwa kuwa maelezo aliyotoa yalionyesha alidhani baiskeli ni ya shemeji yake.

Basi tulipoanza kusoma magazetini, mwaka 1986, habari za watu waliofikishwa mahakamani Nairobi jioni, saa ambazo sisi makarani tumeshafunga rejista na kurudi nyumbani, bila wakili, wakasomewa mashtaka mazito ya uchochezi na kukiri yote kwa dakika chache, mmoja baada ya mwingine, sikuhitaji kuambiwa na mtu kwamba kuna kitu hakiko sawa. Katika mahakama yangu hata mlevi hukana. Wale hawakukana. Wahadhiri, wanafunzi wa chuo kikuu, wanahabari, makarani wa benki, walimu wa shule za msingi, wakulima, wote walisema ni kweli.

Walishtakiwa kwa ajili ya Mwakenya, yaani Muungano wa Wazalendo wa Kukomboa Kenya. Chama hicho kilikuwako na kilichapisha vijikaratasi vyake. Sitaki kuwadanganya vijana kwamba kilikuwa ndoto ya polisi. Lakini kati ya mtu aliyekiunda na mtu aliyeokota kijikaratasi kwenye kiti cha matatu kuna umbali mkubwa, na mahakama za jioni hazikuupima umbali huo. Kosa lilikuwa kuwa mwanachama, au kuwa na karatasi, au kujua kwamba fulani ni mwanachama na kutokwenda kuripoti.

Na ukiri wenyewe ulipikwa kwingine. Nyayo House ni jengo refu la rangi ya haradali, katikati ya Nairobi, mahali Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway. Mkenya yeyote aliyewahi kutafuta pasipoti ameshapanga foleni pale. Chini ya foleni hiyo kuna vyumba vidogo visivyo na dirisha, vilivyojengwa kwa ajili ya kazi moja. Aliyewekwa humo alivuliwa nguo, akanyimwa chakula, akamwagiwa maji sakafuni mpaka yakamfika vifundoni na zaidi, akakaa humo siku kadhaa ngozi ya nyayo ikilainika na kubanduka. Kisha alipandishwa kwa lifti hadi orofa za juu kabisa kuhojiwa na kupigwa, akateremshwa tena majini. Amnesty International iliyaandika hayo mwaka 1987. Wanyiri Kihoro, wakili aliyekamatwa Mombasa mwaka 1986, aliwekwa humo siku 74 na akaandika kitabu kizima. Gibson Kamau Kuria, wakili aliyetoa notisi ya kuishtaki serikali kwa niaba ya Kihoro na wenzake wawili kuhusu mateso hayo, naye aliwekwa kizuizini Februari 1987. Hata wakili hakuwa salama.

Vijana huniuliza swali moja, na huliuliza bila adabu ya kutosha, lakini ni swali la haki: kwa nini mlikiri? Hawajui kwamba mtu aliyetolewa majini akaambiwa "sema ni kweli ukafungwe jela" huisikia jela kama habari njema. Jela kuna sakafu kavu. Jela kuna uji. Jela mama yako atajua uko wapi. Miongoni mwa waliopitia vyumba vile, wapo waliosema kwamba siku waliyofungwa ndiyo siku waliyolala.

Kizazi chetu hakijaelezwa vizuri, nadhani kwa sababu kimebanwa katikati ya vizazi viwili vyenye hadithi zilizonyooka. Baba zetu walikuwa na msitu na uhuru. Wajukuu zetu wana maandamano ya Juni 2024, simu mkononi, na mawakili waliomiminika mahakamani kujitolea kila vijana walipopandishwa kizimbani. Sisi tuliosimama mstari shuleni Desemba 1963 kuipigia saluti bendera mpya tulisomeshwa kuamini kwamba karatasi ya serikali haisemi uongo. Tulipata kazi kwa karatasi, tukaoa tukiwa na karatasi, tukajenga kwa mkopo wa karatasi. Baada ya jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982, karatasi hizo hizo zikaanza kutumika kutuondoa. Mwanahistoria Maina wa Kinyatti alifungwa miaka sita kwa sababu ya waraka mmoja. Titus Adungosi, kiongozi wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alihukumiwa miaka kumi na akafia gerezani mwaka 1988. Sisi wengine tukajifunza kusema kwa sauti ya chini hata ndani ya nyumba zetu.

Ninaye mwenzangu wa hirimu moja ambaye nitamwita Mwalimu, kwa kuwa ndivyo kijiji kinavyomwita hadi leo, ingawa alishika chaki mara ya mwisho akiwa kijana mwenye mtoto mmoja. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alikamatwa shuleni wakati wa mapumziko ya saa nne. Alipofikishwa mahakamani alisema ni kweli mara mbili, kama inavyotakiwa, akafungwa mwaka mmoja na nusu. Alivaa kunguru, ile sare ya jela, mwaka mzima, kisha akaachiliwa kwa ile theluthi wanayosamehewa wafungwa wenye nidhamu. Kazi ilikuwa imekwenda. Majirani hawakumtenga moja kwa moja. Walimwambia tu "mwenye nguvu mpishe", wakaacha kukaa karibu naye kanisani.

Niliijua shida yake kwa njia ya fomu. Kila fomu ya maana katika nchi hii ina swali lile: je, umewahi kupatikana na hatia ya kosa la jinai? Ikiwa ndiyo, eleza. Kwa maelezo huachwa mistari miwili. Mwalimu hujibu ndiyo, kisha huandika "tazama karatasi iliyoambatishwa". Karatasi hiyo aliipiga chapa zamani, na kila mara akihitaji nakala hurudufu nakala ya nyuma yake, hivi kwamba herufi zimenona na nyingine zimegeuka madoa. Ameiambatisha akigombea uhazini wa chama cha ushirika cha maziwa. Ameiambatisha akiteuliwa kwenye bodi ya shule ile ile aliyofukuzwa. Ameiambatisha akiomba viza ya kwenda kumwona binti yake Uingereza, akanyimwa, ingawa sababu iliyoandikwa ilikuwa nyingine. Hubana kwa pini ya ofisi badala ya stepla, kwa kuwa, anasema, stepla huchana na karatasi huanguka.

Miaka michache iliyopita alinijia kama karani mstaafu anayejua njia za masjala. Alitaka faili lake. Alitaka aone kwa macho yake saa aliyofikishwa mbele ya hakimu, kama mwandiko wa hakimu unaonyesha aliulizwa kuhusu wakili, kama kuna mahali alipolalamika. Tulifuatana. Masjala tuliyokwenda ilikuwa na vijana wenye heshima na kompyuta nzuri. Walitafuta, wakarudi na jibu ambalo nililitarajia tangu tukiwa kwenye matatu: mafaili ya miaka ile yalishateketezwa.

Sina ugomvi na vijana wale. Ipo sheria ya kuondoa kumbukumbu za zamani, na mimi mwenyewe nimesimamia kazi hiyo. Unaandaa orodha, tangazo linatolewa, muda unapita, kisha siku ya siku mnakokota magunia hadi nyuma ya jengo, karibu na choo cha mahabusu, mnawasha moto. Karatasi za mahakama haziwaki upesi, kwa kuwa zimefungwa kamba na kushindiliwa. Inabidi uzichokoe kwa mti ili hewa ipite. Panya huwa wameshakula nusu. Bila kazi hiyo tusingekuwa na pa kukaa.

Lakini tazama kilichobaki. Faili lenye ushahidi wa jinsi hukumu ilivyopatikana limekuwa majivu. Hukumu yenyewe haikuungua, kwa kuwa haikai ndani ya faili peke yake: iko pamoja na alama za vidole vyake kwa polisi, na akiomba cheti cha tabia njema inafufuka. Mtu huyu amebaki na hatia isiyo na kesi.

Na mlango wa rufaa ulikuwa umefungwa siku ile ile. Kifungu cha 348 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinasema aliyekiri kosa mwenyewe hana rufaa, isipokuwa kuhusu kiasi cha adhabu au uhalali wake. Ni sheria yenye mantiki yake. Mahakama haziwezi kubeba rufaa za watu waliosema ni kweli kisha wakajuta. Waliopanga kesi za jioni waliijua vizuri. Ukiri haukuokoa muda wa serikali tu, ulifunga mlango na ufunguo ukatupwa.

Najua nitaambiwa: mzee, hayo yameshashughulikiwa. Mwezi Februari 2003 serikali mpya ilifungua vyumba vya Nyayo House, wananchi wakashuka kuona. Julai 2010 Mahakama Kuu, mbele ya Jaji Hannah Okwengu, iliamua kwamba walalamishi 21 waliteswa humo na ikaamuru walipwe fidia. Wengine wengi walifuata nyuma yao. Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta alisimama bungeni akaomba radhi kwa makosa ya serikali zilizotangulia na kuahidi mfuko wa shilingi bilioni kumi. Yote ni kweli, na nasema hivyo bila kupandishwa orofa yoyote.

Fidia ililipia kipigo. Kesi zile zilikuwa za haki za kikatiba, na hukumu yake ni pesa na tamko kwamba haki zilivunjwa. Hata pesa hizo hukawia, kwa kuwa mali ya serikali haipigwi mnada. Ukishinda, unapewa cheti cha amri uanze nacho safari nyingine ya kubisha milango ya wizara. Wapo waliokufa wakiwa wamekishika. Lakini hata aliyelipwa senti ya mwisho, hukumu ya jinai imekaa mahali pengine, na mkono uliomlipa haukuigusa. Ndiyo ajabu ninayoiona: mahakama moja ya Kenya imesema huyu aliteswa na polisi mpaka haki zake zikavunjika, na kumbukumbu ya mahakama nyingine ya Kenya inaendelea kusema huyu alikiri kwa hiari yake.

Tumezoea jambo hili kwa sababu tulilirithi. Pale Kapenguria, Aprili 1953, Jomo Kenyatta na wenzake watano walihukumiwa miaka saba na kazi ngumu, na shahidi mmoja aliyetegemewa sana alikuwa Rawson Macharia. Mwaka 1958 Macharia aliapa hati kwamba alidanganya, kwamba alikuwa ameahidiwa masomo Uingereza. Serikali ya kikoloni ilimshtaki kwa hati hiyo na kumfunga. Hapo ndipo palikuwa pa kuirudia kesi nzima. Haikurudiwa, na miaka mitano baadaye mfungwa alikuwa Waziri Mkuu. Mtu anayepigiwa mizinga hana haja ya kumwandikia msajili wa mahakama barua. Lakini maelfu waliofungwa kwa kula kiapo hawakupewa uwaziri mkuu, na Mau Mau iliendelea kuwa chama kilichopigwa marufuku hadi 2003. Miaka arobaini ya bendera yetu wenyewe, na wale waliotuletea bendera walikuwa bado wahalifu kwenye vitabu.

Na rika letu likafanya vivyo hivyo. Wenye majina walisafishwa na kura. Kihoro aliingia bungeni, Mirugi Kariuki aliingia bungeni, Koigi wa Wamwere alitoka jela akarudi bungeni. Siwaonei wivu, waliteseka kuliko wengi. Nao wa upande wa pili walipanda pia: Bernard Chunga, aliyeongoza mashtaka katika kesi nyingi za Mwakenya, aliteuliwa Jaji Mkuu mwaka 1999, akajiuzulu 2003. Kwa mbunge, kifungo cha kisiasa ni pambo kwenye mkutano wa hadhara. Kwa Mwalimu ni mistari miwili na pini. Hata ukipewa tuzo, tuzo haifuti hukumu. Abdilatif Abdalla alifungwa mwaka 1969 kwa kuuliza, katika kijikaratasi, Kenya inaelekea wapi. Mashairi aliyoyatunga gerezani yakampatia mwaka 1974 tuzo ya fasihi yenye jina la rais aliyemfunga. Tuzo aliipata, na hukumu ikabaki yake.

Akina mama wa wafungwa wa kisiasa, nao, walidai kile ambacho mama hudai. Tarehe 28 Februari 1992 walikaa kwenye kona ya Uhuru Park pamoja na Wangari Maathai, wakaanza mgomo wa kula, na polisi walipowavamia siku chache baadaye baadhi yao walivua nguo mbele yao, laana ambayo mwanamume yeyote wa nchi hii anaielewa. Walikaa katika kanisa la All Saints hadi mwaka uliofuata. Walitaka watoto watoke, wakatoka. Kudai kwamba watoto hao hawakuwa na hatia tangu mwanzo ilikuwa kazi yetu sisi wengine, tuliokuwa na mishahara na rejista mikononi, na hatukuifanya.

Kuna njia ya msamaha wa rais, chini ya ibara ya 133 ya Katiba. Nilimtajia Mwalimu. Aliniuliza, "Nisamehewe nini?" na hatujalizungumza tena. Kuna ibara ya 50(6), inayomruhusu aliyefungwa kuomba Mahakama Kuu imsikilize upya hata kama hakukata rufaa kwa wakati, ikiwa umepatikana ushahidi mpya na mzito. Hiyo ndiyo njia ninayoona ingefaa, na ushahidi mpya haupaswi kutafutwa mbali: ni hukumu za Mahakama Kuu yenyewe kuhusu Nyayo House. Lakini mzee mmoja mmoja, mwenye pensheni ambayo hakupewa, atafute wakili, aapishe hati, athibitishe kilichokuwa ndani ya faili tulilolichoma sisi? Ndiyo kumwambia afie foleni.

Uingereza, ambako sheria zetu nyingi zilitoka, walikumbana na kitu kinachofanana na hiki. Mamia ya wasimamizi wa vituo vya posta walihukumiwa kwa wizi na udanganyifu kwa sababu kompyuta za posta zilionyesha pesa zimepungua, na wengi walikiri, wakishauriwa kwamba kukiri kosa dogo kutawaepusha na jela. Kompyuta ndizo zilizokuwa na kasoro. Wachache walihangaika na rufaa kwa miaka mingi. Mwishowe, Mei 2024, Bunge lao lilipitisha sheria iliyozifuta hukumu hizo kwa mamia kwa pamoja, za waliokiri na za waliokana. Wapo majaji walionung'unika kwamba Bunge limeingilia shamba lao, na hoja yao si ya kudharauliwa. Lakini mahakama zilizokawia haziwezi kulalamika kwamba mwingine amewahi.

Bunge letu limeshafanya nusu ya kazi. Mwaka 1997 liliondoa kosa la uchochezi katika Kanuni ya Adhabu, kwa hiyo shtaka alilosomewa Mwalimu halimo tena katika sheria zetu. Nusu iliyobaki ingetosha kwenye muswada wa ukurasa mmoja: kwamba hukumu zote zilizotokana na kukiri makosa ya Mwakenya ni batili tangu siku zilipotolewa, kwamba alama za vidole zilizochukuliwa kwa ajili yake ziondolewe, kwamba aliyekufa afutiwe sawa na aliye hai, kwa maombi ya mwanawe au mjukuu, na kwamba kukosekana kwa faili kusihesabiwe dhidi ya mwombaji, kwa kuwa waliolichoma ni sisi.

Ningeongeza kifungu kimoja ambacho wanasheria watakiona cha kitoto. Walipohukumiwa, majina yao yalichapishwa magazetini, majina yote matatu, na kazi ya mtu, na mahali anapotoka. Gazeti Rasmi la Serikali liyachape tena kwa ukamilifu ule ule, na chini yake tangazo la kwamba hukumu imefutwa. Nilipomsomea Mwalimu rasimu hii alisahihisha nukta mbili na koma moja, kama kawaida yake, kisha akaniuliza Gazeti Rasmi siku hizi linauzwa shilingi ngapi, na kama mtu akinunua nakala kumi anapunguziwa.